Orval Stroup na Mchezo Bila Pigo

Ukitaka kumjua Orval Stroup usimuulize habari zake, maana atakuambia yuko salama na kuangalia pembeni. Muulize habari za saa. Muulize anaonaje ile saa waliyoiweka siku hizi uwanjani ili kumharakisha mrushaji mpira. Hapo vuta kiti, ndugu yangu, na kama una sufuria jikoni kaiepue kwanza.

Atakuambia besiboli ulikuwa mchezo pekee duniani usiokuwa na saa. Mpira wa miguu una saa, kikapu kina saa, kiwandani kulikuwa na saa na king'ora juu yake. Lakini uwanjani kwetu hapa Harmon Ferry ulikuwa unaingia, unanunua karanga zako, unakaa, na mchezo unaisha pale unapoisha. Huyu anarusha, yule anapiga kwa gongo, timu zinapokezana zamu mpaka zitimie tisa, na kama hakuna aliyeshinda wanaendelea hata giza liingie. "Mungu mwenyewe hana saa," Orval husema. "Wakaja watoto wa televisheni wakamfungia moja."

Mimi nimekaa ng'ambo ya barabara kutoka nyumbani kwake kwa miaka mingi, na uwanjani nakaa safu ya nyuma yake, kwa hiyo maoni ya Orval nimeyala kama chakula. Kuhusu kanisa ana maoni. Hataki gitaa. Hataki ile skrini iliyoning'inizwa juu ya msalaba ikionyesha maneno ya nyimbo, kana kwamba sisi ni watu wa kusahau "Bwana" inaandikwaje. Mchungaji Lorna alipoletwa, Orval alikaa mwaka mzima amenuna kwa sababu ni mwanamke, kisha siku moja akatoka ibadani akasema, "Anahubiri kama mrushaji mzuri. Anajua wakati wa kuacha." Tangu hapo hakuna aliyethubutu kumsema vibaya Mchungaji mbele yake.

Kuhusu dhambi ana maoni vilevile, na hili nitakuomba ulishike. Anasema besiboli ni mchezo wa Kikristo kuliko yote kwa sababu ya ubao wa matokeo. Mchezaji akiudondosha mpira ambao angepaswa kuudaka, kosa lake linaandikwa pale juu, mji mzima unaliona, mama yake analiona. Kisha mchezo unaendelea, na yeye anarudi mahali pake kusubiri mpira unaofuata. "Kanisani tunafichana," alikuwa akisema. "Wangetundika ubao kama ule nyuma ya madhabahu, hapo tungesali kweli."

Na siasa? Loo. Kwa Orval, mwanasiasa ni mtu anayetaka kupiga mpira na kuwa mwamuzi papo hapo. Kiwanda chetu cha vigae kilipofungwa, walikuja wa chama chekundu wakapiga picha getini, wakaja wa buluu wakapiga picha getini, kila mmoja akasema kosa ni la mwenzake, na mashine zikapakiwa kwenye malori mbele yao wote. Mwaka mwingine mgombea mmoja alialikwa kuurusha mpira wa kwanza wa msimu. Akaja na kofia ya timu yetu ya Wafinyanzi, mpya, kibandiko cha dukani bado kiko juu. Mpira ukaanguka nusu ya njia, ukabingirika kama ndimu, na jamaa akapunga mkono kwa furaha. "Huyo ndiye atakayelinda pensheni yako," Orval akamwambia rafiki yake. Kwa hiyo wakati wa uchaguzi, wakati nyasi za mbele ya kila nyumba ya mtaa wetu zinaota mabango mekundu na ya buluu, nyasi za Orval zilikuwa nyasi tu.

Rafiki huyo ni Denzil Karr. Hao wawili walianza pamoja kwenye tanuru la vigae wakiwa vijana wenye nywele, na tangu siku hizo walikuwa wakikaa benchi moja uwanjani na benchi moja kanisani. Denzil ana karakana ya kutengeneza mashine za kukatia nyasi, mwisho wa mtaa wetu, na ni mtu wa kupenda kila kipya: alipenda gitaa, alipenda skrini, aliipenda hata ile saa. Bango lake lilikuwa jekundu kila msimu, na Orval alikuwa akimtania tu kuwa rangi ile inamfaa kwa sababu ya pua yake. Walibishana kuhusu kila kitu kilichoumbwa.

"Wewe Orval ungekuwepo siku ya uumbaji," Denzil alimwambia siku moja, "Mungu aliposema iwe nuru, wewe ungesema inakuumiza macho."

"Ningesema," Orval akajibu. "Na inaniumiza mpaka leo."

Katikati yao alikaa Nadine, mke wa Orval, akiwa na mfuko wa karanga mapajani, wote wawili wakichota. Nadine aliendesha basi la shule maisha yake yote ya kazi. Alikuwa mtu wa maneno, mwenye sauti ya kufika viti vya nyuma bila kupiga kelele, na alimjua kila mtu mjini kwa jinsi alivyokuwa akipanda ngazi za basi akiwa mdogo. Besiboli hakuijali sana. Alikuja kwa ajili ya watu. "Nimebeba watoto wa mji mzima," alikuwa akisema, "na hawajanichosha kama nyinyi wawili."

Sasa, kuna desturi moja lazima niiseme, maana bila hiyo hutaelewa kilichotokea. Inatokea mara chache, mrushaji anaamka siku hiyo na mkono wake umebarikiwa. Anarusha zamu ya kwanza, ya pili, ya tano, na hakuna mpinzani hata mmoja aliyeupiga mpira wake akafika kituo cha kwanza. Kitu hicho kinaitwa mchezo bila pigo. Wengine huzeeka uwanjani bila kukiona. Na kinapoelekea kutokea, hakisemwi. Wachezaji wenzake wanamhama kwenye benchi kama ana ndui. Watazamaji wanaongea habari za mvua, habari za bei ya mafuta, chochote isipokuwa hicho. Ukikitaja umekitia nuksi, na mpira unaofuata utapigwa, na lawama itakuwa yako hadi kaburini. Watu wenye shahada wanaamini hivyo. Watu wanaoshiriki meza ya Bwana kila mwezi wanaamini hivyo. Lakini hakuna aliyeishika desturi hiyo kama Orval. Aliwahi kumhamisha benchi shemeji yake mwenyewe kwa sababu tu alianza kusema, "Hivi mmegundua..."

Nadine akapata saratani.

Ilikuwa majira ya baridi. Wakampa dawa hospitalini, kule mjini Columbus, nywele zikaanguka, akavaa kofia ya Wafinyanzi na kusema sasa amekuwa mpenzi wa besiboli kwa lazima. Majira ya kuchipua yalipofika wakampima, ugonjwa haukuonekana. Kiangazi wakampima tena, haukuonekana. Na hapo ndipo Orval alipofanya kosa ambalo, nadhani, mtu wa mahali pengine asingeweza kulifanya. Alinyamaza. Aliona mkono umebarikiwa, akaamua kwamba hakuna mtu atakayeutaja.

Safari za Columbus alizifanya kama mchezo. Soksi zilezile. Kituo kilekile cha mafuta. Kipande kilekile cha pai ya tofaa katika hoteli ileile ya barabarani, hata siku ambayo Nadine alisema tumbo lake haliwezi. Akianza kuongea ndani ya gari, kwamba ingekuwaje kama, au ni wimbo gani angependa uimbwe siku yake, au tu kwamba leo anaogopa, Orval alikuwa akinyoosha mkono na kuongeza sauti ya redio. "Tuko zamu ya saba, Nadine," alisema. "Usiseme." Watu wakimuuliza hali ya mkewe alijibu kwamba mvua imechelewa. Kanisani hakutaka jina lake litajwe, si kwa kuomba, si kwa kushukuru.

Na kanisa letu lina kipindi chake kwa ajili ya hayo. Kabla ya sala kuu Mchungaji hushuka chini, akauliza nani ana furaha na nani ana hitaji. Mtu anasimama, anasema mjukuu amezaliwa, mwingine anasema goti linafanyiwa upasuaji, na wote wanaitikia. Jumapili moja, majani yalipoanza kuwa mekundu, Denzil Karr akasimama. Alikuwa amekaa palepale kando yao. Akasema kwamba yeye ana furaha, na furaha yake ni kwamba Nadine Stroup amepimwa mara mbili na ni mzima, na anamshukuru Mungu kwa ajili yake, na anaomba watu wote wamshukuru Mungu kwa sauti. Na watu wakashukuru kwa sauti. Kanisa letu ni la watu wa polepole, lakini siku hiyo lilipiga makofi. Nadine alilia akicheka, akisimama na kugeuka huku na huku kama aliyevishwa taji.

Orval alikaa ameikunja kofia yake mikononi. Ibada ilipokwisha akamshika mkewe mkono, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Kabla theluji haijaanguka, ugonjwa ulirudi.

Tangu siku hiyo Orval hakumsemesha Denzil Karr. Kanisani alihamia upande wa pili. Na kwa sababu mji mdogo huuliza, na kwa sababu mshirika wa kanisa hawezi kusimama mbele ya Mchungaji wake na kusema kwamba rafiki yake amemroga mke wake kwa kutoa shukrani, alitafuta sababu nyingine. Ilikuwa msimu wa uchaguzi. Nikamwona asubuhi moja kupitia dirishani kwangu, Orval Stroup, ambaye hajawahi kuotesha bango maishani mwake, akipigilia bango la buluu kwenye nyasi zake kwa nyundo. Mgombea mwenyewe alikuwa ni yule wa kofia yenye kibandiko.

Mji ukaelewa mara moja. Aa, kumbe ni siasa. Watu walitikisa vichwa wakasema tazama nchi ilipofika, marafiki wa tangu tanuruni. Mchungaji Lorna akahubiri Jumapili nzima kuhusu ndugu wawili na mabango mawili, akiwatazama huku na kule, na Orval akakubali kuhubiriwa. Ilikuwa afadhali kuliko ukweli. Mimi mwenyewe niliamini ni siasa, na siku moja nilimuuliza kama kweli alimpigia kura mtu yule. Akaniangalia kama niliyemuuliza kama anakula nyasi.

Nadine alifariki Februari. Alitaka kusema mambo, nasikia, hata wiki za mwisho, na redio iliendelea kuwaka, ingawa ni majira ambayo hakuna hata mechi. Wimbo wa mazishi uliteuliwa na Mchungaji, kwa kubahatisha. Watu walileta vyakula kama tufanyavyo, tambi za jibini, kuku wa kuokwa, kila bakuli na jina la mwenyewe chini yake. Denzil, ambaye hajawahi kuoa, alipika mwenyewe maharage na nyama ya nguruwe, akayaacha barazani. Orval alilibeba bakuli lile jinsi lilivyo, maharage yote ndani, akalishusha mlangoni pa karakana ya Denzil mbele ya watu waliokuwa wanatoka kanisani. Hata kwenye msiba, watu wakasema. Hata kwenye msiba, siasa.

Kisha kiangazi kikaja, na besiboli haimsubiri mtu.

Orval alikaa palepale pao, peke yake, na hakuruhusu mtu akae kushoto kwake wala kulia. Aliweka mfuko wa karanga mahali pa Nadine. Denzil alikuwa akikaa ng'ambo, upande wa wageni, jua likimpiga usoni. Maoni ya Orval yalikuwa yamekuwa machungu. Zamani alikuwa akisema mambo yale ili umjibu, sasa alikuwa akiyasema ili unyamaze. Timu ya Cincinnati ikifungwa kwenye redio alisema wanastahili. Mchungaji akisema Mungu ni mwema, yeye alisema taratibu, lakini nasi tukimsikia, kwamba mwamuzi mwema angeuona mchezo wote.

Jumamosi moja ya Julai, mchana wa joto, aliyekuwa anarushia Wafinyanzi alikuwa Tyce Bolen, mtoto wa mwenye duka la matairi. Zamu ya tatu nilikuwa nawaza mambo yangu. Zamu ya tano nikagundua kuwa watu wameanza kuongea habari za mvua. Niliangalia ubao: upande wa wageni, kwenye nafasi ya mapigo, sifuri. Zamu ya sita, sifuri. Ilipofika ya saba uwanja ulikuwa kimya namna ambayo ungesikia karanga zikimenywa. Mama anayeuza soseji alikuwa ameacha kuita wateja. Orval alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, na kwa mara ya kwanza tangu Februari uso wake ulikuwa uso wa mtu anayetazama kitu.

Nikamwona Denzil anainuka kule ng'ambo. Akazunguka uwanja kwa nyuma ya wavu, polepole, kwa ajili ya goti lake bovu, akapanda ngazi za upande wetu. Nilidhani anakwenda chooni. Akaja mpaka kwenye benchi la Orval, akauinua ule mfuko wa karanga, akaketi mahali pake, na kuuweka mapajani.

"Bila pigo," akasema. Hakunong'ona. Aliisema kwa sauti ya mtu anayeagiza kahawa. "Zamu saba, Orval. Kijana hajapigwa hata mpira mmoja. Bila pigo."

Vichwa viligeuka safu zote. Mtu alisema, "Mzee Karr, umeingiwa na nini?" na mwingine akasema mfunge mdomo huyo. Mama wa soseji akaziba uso kwa aproni.

Orval hakumtazama. "Umerudia," akasema. "Ya kwanza haikukutosha."

"Nimerudia, ndiyo. Sasa kaa hapa nami tutazame kama Mungu anaiendesha dunia kwa mdomo wangu."

"Ondoka, Denzil."

"Alinituma yeye."

Orval akageuka hapo.

"Nadine," Denzil akasema. Sauti sasa ilikuwa imeshuka, lakini mimi nilikuwa nyuma yao kabisa, na nilisikia kila neno, na heri nisingesikia. "Alikuja karakanani. Akakaa juu ya mashine ya nyasi ya Mchungaji ambayo nilikuwa sijaifunga kisu chake. Akasema, 'Denzil, nyumbani kwangu nimekuwa kama mgeni ambaye watu wanasubiri aage. Nikifungua mdomo, Orval anafungua redio. Jumapili simama useme kwamba mimi ni mzima. Nataka nisikie likisemwa na watu, hata kama kesho si kweli.' Ndivyo alivyosema. Akaniapisha nisikuambie, kwa sababu ungeumia. Nimekaa na kiapo chake tangu siku ile. Nimevumilia mji mzima ukisema kwamba nimekosana nawe kwa sababu ya mjinga mwenye kofia mpya. Maharage yangu umenirudishia. Leo nimewaona watu wote hawa wamekaa mabubu kama wewe ndani ya lile gari, nikashindwa."

Mpira mmoja ukarushwa, mwamuzi akanyoosha mkono.

"Angeniambia mimi," Orval akasema.

"Alikuambia. Kila safari alikuambia. Ulimjibu mko zamu ya saba."

Denzil alisubiri kidogo. Nadhani alikuwa anasubiri neno, lolote, hata tusi la zamani. Orval akarudisha macho uwanjani. Akaurudisha mfuko wa karanga mahali ulipokuwa, akainuka kwa kushikilia reli, akashuka ngazi, na hakurudi upande wa wageni. Alitoka nje ya geti kabisa.

Zamu ya nane Tyce Bolen aliwatoa wapigaji wote watatu. Watu walikuwa wamemsahau Denzil, au walikuwa wanamlaani kimoyomoyo, ni mamoja. Zamu ya tisa wote tulisimama. Wote isipokuwa Orval. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, mikono yangu karibu iguse mabega yake, na nikamsikia anaongea. Mwanzoni nilidhani anamwombea kijana, kama sote. Lakini alikuwa akimtazama mpigaji wa wageni.

"Mpige," alikuwa anasema. "Mpige mmoja. Mmoja tu, mwanangu, mpige."

Mtu aliyeipenda timu ile kabla kijana Bolen hajazaliwa. Alikuwa anaomba ipigwe, kwa sababu kama ingepigwa, basi Denzil alitia nuksi, na kama Denzil alitia nuksi leo, basi aliitia na siku ile, na mambo yangebaki yalivyokuwa. Mpira mmoja tu ungemtosha. Mpigaji wa mwisho aliugonga kweli, ukapaa juu sana upande wa kushoto, na Orval akainua uso kuufuata, mdomo wazi. Kijana wa kule mwisho alirudi hatua chache, akainua glavu yake, akaudaka bila hata kukimbia, na mpira uliodakwa kabla ya kugusa ardhi hauhesabiwi kuwa pigo.

Sijawahi kusikia kelele kama ile Harmon Ferry. Watu wasiosalimiana walikumbatiana, wekundu na buluu. Vijana walimbeba Bolen mabegani. Mwenye duka la matairi alikuwa analia mbele za watu. Na katikati ya hayo yote Orval Stroup amekaa, kofia juu ya goti, akiutazama ubao, ile sifuri iliyobaki sifuri.

Tulipokuwa tunatoka getini, mtu alimshika bega akamuuliza yule kichaa Karr alikuwa anamwambia nini pale, tena saa ile.

"Siasa," Orval akajibu.

"Hata leo?" yule mtu akasema, akatikisa kichwa.

"Hata leo."

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Kanisa lilikuwa na uchangamfu wa jana, vijana wamekuja na kofia zao, Mchungaji Lorna akaanza kwa utani kwamba mahubiri hayatazidi zamu tisa. Denzil alikuwa upande wake wa kulia, Orval wa kushoto. Ikafika wakati wa furaha na mahitaji, Mchungaji akashuka chini. Mtu akataja goti. Mtu akataja mtoto aliyeko jeshini. Kisha Orval akasimama.

Ndugu zangu, hakuwahi kusimama. Katika miaka yote, hakuwahi. Mchungaji alitulia kabisa, mikono imeshikana mbele. Mpiga piano akageuka kwenye kiti chake. Na kule upande wa kulia Denzil Karr aliinua kichwa, kisha nikaona mkono wake unashika ncha ya benchi la mbele, kama mtu anayejiandaa kuinuka mara tu atakapoitwa.

"Namshukuru Mungu," Orval akasema, akakohoa. "Nina... Namshukuru Mungu kwa ajili ya..."

Alimtazama Denzil. Alimtazama moja kwa moja, na nitasema hata mbele ya hakimu kwamba jina la Nadine lilikuwa limefika mdomoni, nililiona likikaa pale. Nikamkumbuka akitaka ubao utundikwe nyuma ya madhabahu. Hakukuwa na ubao. Kulikuwa na skrini, na juu yake maneno ya wimbo unaofuata.

"Kwa ajili ya mkono wa yule kijana Bolen," akasema, akakaa.

Kanisa likapiga makofi, na mwenye duka la matairi akapunga mkono kwa furaha. Kule kulia, mkono wa Denzil uliachia benchi polepole ukarudi mapajani.

Mchana ule Orval alikata nyasi. Alianza pembeni akiendelea kuzunguka, na alipofika kwenye lile bango, ambalo limepauka hata huwezi kusoma jina, alilizunguka kwa uangalifu, akiacha majani marefu chini yake. Mzunguko wa tatu mashine ikakohoa ikazimika. Alivuta kamba. Akavuta tena. Mwisho wa mtaa, mlango wa karakana ya Denzil ulikuwa wazi, na hata kwangu nilisikia nyundo inagonga chuma ndani yake. Orval alisimama akiusikiliza mlio ule muda mrefu, mkono bado umeshika kamba. Kisha aliiacha mashine palepale kando ya bango, akaingia ndani, na baada ya kitambo nikasikia redio.